Mwanya

Mtoto wa dada yangu alianguka kutoka juu ya mzambarau siku ya Jumapili, na hadi Jumatano ukimwita jina alikuwa hageuzi shingo, anageuza mwili mzima kama askari wa gwaride. Ana miaka 10. Zahanati walimvika kola ya shingo, wakatuandikia karatasi, wakatwambia tukapige eksirei. Moja tulikuwa tumeshapiga Jumatatu, katika kituo ambacho sina haja ya kukitaja. Picha ile ilionyesha taya, meno na kivuli cha kisogo. Pingili mbili za juu kabisa, ambazo ndizo zilizotupeleka, zilizama katika ukungu mweupe. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaishusha, akasema kwa upole kwamba hii haisemi kitu.

Basi Jumatano asubuhi tukatoka Miyuji kwenda hospitali, watu watatu: mimi, mtoto, na mama yangu, ambaye habari za mjukuu hazipokei kwa simu. Miyuji iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Kondoa na Arusha. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini ni serikali ilipohamia kwelikweli, miaka hii ya karibuni, ndipo viwanja vya kwetu vilipoanza kuota nondo. Mbele ya kila nyumba inayopanda pana lundo la kokoto. Mtoto huyu hushinda humo akichagua mawe, nami nazitaja kokoto hizo mapema kwa kuwa baadaye zilinisaidia kuelewa.

Chumba cha eksirei kilikuwa na ubaridi, nusu giza, mlango wake mzito kwa risasi iliyofichwa ndani ya mbao. Mtaalamu wa mionzi alikuwa mama wa makamo, kibeji kidogo cha plastiki kimebanwa kifuani. Kibeji hicho si cha jina wala cheo. Kinakusanya kumbukumbu ya mionzi inayomfikia siku baada ya siku, kisha hupelekwa kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Sisi wa nje humwita "dada wa eksirei", na kazi yake tunasema ni "kupiga", kana kwamba ni picha ya pasipoti. Nakiri nami niliingia mle na dharau hiyo.

"Mbukwa, bibi," alimwamkia mama yangu.

Mama aliitikia kwa furaha na kumwaga Kigogo kirefu, hata dada yule akainua mikono akakiri kwamba salamu ndiyo mwisho wa Kigogo chake. Kisha akaisoma karatasi ya daktari, yote, mpaka sahihi. Akamgeukia mtoto, si mimi.

"Ulipoanguka, kilitangulia nini, babu? Kichwa au matako?"

"Matako. Halafu kichwa."

"Vidole vinakufa ganzi?"

"Hapana."

Alimpa vidole vyake viwili vya kila mkono avibane. Akamwambia abane zaidi. Akamtazama miguu alivyokuwa akiichezesha ukingoni mwa kiti. Haya yote daktari alikwisha kuyafanya, lakini nilielewa baadaye kwamba alikuwa akijiamulia mwenyewe atamshika vipi mtoto huyu.

Kola haikuvuliwa. Hilo ndilo la kwanza. Mtoto alilazwa mezani chali, bila mto, na picha ya kwanza ikawa ya ubavu, yaani sahani ya kupokea picha inasimamishwa kando ya bega moja na mashine inapiga kutoka upande wa pili, mwili wenyewe usiguswe. Shida ya picha hii ni bega. Linaizuia sahani isiisogelee shingo, na nafasi inayobaki katikati hukuza kivuli na kulegeza kingo zake. Dawa yake ni kurudisha mashine nyuma. Umbali wa kawaida wa picha nyingi ni sentimita 100. Yeye aliisukuma hadi 180, akapima kwa utepe unaochomoza kwenye kichwa cha mashine, akaurudisha utepe, akapima tena.

Shida ya pili ni bega lilelile, safari hii kwa sababu linafunika pingili za chini. Picha ya shingo isiyoonyesha pingili zote saba na kichwa cha ile ya nane haijakamilika, hata kama ugonjwa unashukiwa juu. "Shika mapaja," alimwambia. "Vuta mikono kama unapandisha soksi. Sasa vuta pumzi. Itoe yote. Usivute nyingine." Pumzi inapotoka mabega hushuka yenyewe, sentimita moja au mbili, na hizo ndizo alizokuwa akizisubiri. Alikuwa nyuma ya kioo cha risasi kidole kikiwa juu ya kitufe. Kitufe kile kina hatua mbili: ukikibonyeza nusu, ndani ya mashine kitu kinaanza kuzunguka kwa mvumo kama wa pangaboi; ukikimaliza, ndipo mionzi hutoka, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Alibonyeza nusu mtoto alipoanza kutoa pumzi. Alimaliza mabega yalipofika chini.

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta alizihesabu pingili kwa ncha ya kalamu iliyofunikwa, bila kugusa kioo: moja, mbili, hadi saba, na kichwa cha ya nane. Ndipo akamwita daktari bingwa wa radiolojia.

Inafaa niseme kidogo kuhusu mifupa hii miwili. Pingili nyingine zote za mgongo zinafanana: kila moja ina tumbo nene mbele, upinde nyuma, na tundu katikati linalopitisha ugwe, ile kamba ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Ya kwanza, atlasi, haina tumbo. Ni pete tu, na fuvu limekaa juu yake kama chungu juu ya kata. Ya pili, aksisi, ina tumbo, na juu ya tumbo imechomoza nguzo ndogo inayoitwa jino, inayoingia ndani ya pete ya atlasi kwa mbele na kufungwa humo kwa kano. Ukiitikia ndiyo kwa kichwa, unacheza kiungo kati ya fuvu na atlasi. Ukikataa, atlasi inazunguka kwenye lile jino. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo ya mtu unatoka katika kiungo hicho kimoja. Aliyewahi kuona Wagogo wakicheza ngoma, shingo na mabega yakirushwa kwa mpigo mmoja, ameiona mifupa hiyo kazini ingawa hakujua jina lake.

Na jino lile, kwa asili, halikuwa la aksisi. Mtoto anapoumbwa tumboni, kile ambacho kingekuwa tumbo la atlasi huachana nayo na kuungana na pingili ya chini yake. Mkubwa amempa mdogo wake tumbo lake, akabaki pete.

Daktari alikuja, mzee kiasi, miwani imeshuka puani. Aliitazama picha ya ubavu bila kusema kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Picha ya namna hiyo husomwa kwa mistari: mmoja unapita mbele ya matumbo ya pingili, wa pili nyuma ya matumbo hayo, wa tatu unapita pale tundu la ugwe linapoishia kwa nyuma, ambapo kila pingili huacha kistari cheupe. Vistari hivyo vikiunganishwa hupata mkunjo mmoja laini. Kalamu yake ilishuka kwenye mstari wa tatu, ikarudi juu, ikasimama kwenye atlasi. Pale palipaswa kuwa na kistari cheupe. Hapakuwa na kitu.

Akapima nafasi kati ya upinde wa mbele wa atlasi na jino. Kwa mtu mzima isizidi milimita 3, kwa mtoto 5. Ilitoka 3. Akatazama nyama iliyo mbele ya pingili, ambayo mfupa ukivunjika huvimba kwa damu. Haikuwa imevimba. "Nipatie ya kinywa wazi," alisema, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoona ufundi.

Ukimpiga mtu picha ya shingo kutoka mbele, pingili mbili za juu huzioni kamwe. Mbele yake kuna taya na meno, nyuma yake kuna kisogo. Njia ya kawaida ni kupita mdomoni. Mtu afunue kinywa hadi mwisho, na mionzi iingie kati ya meno ya juu na ya chini, ipite juu ya ulimi, ifike nyuma ya koo ambako mifupa ile imekaa. Dirisha lenyewe ni dogo, na lina vizingiti viwili vinavyopigana. Kidevu kikiinama mno, meno ya juu yanaliangukia jino la aksisi na kulificha. Kikiinuka mno, sakafu ya fuvu ndiyo inayolifunika. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi ya digrii chache tu, ambayo picha yetu ya Jumatatu iliikosa. Kinachotafutwa ni mstari: kutoka ncha ya chini ya meno ya mbele ya juu hadi kinundu cha mfupa nyuma ya sikio. Mstari huo ukisimama wima juu ya sahani, dirisha limefunguka.

Kwa mtu mzima asiye na jeraha unamwambia inua kidevu, shusha kidogo, basi. Kwa mtoto aliyeanguka, shingo haisogezwi. Kwa hiyo dada yule alisogeza kila kitu kingine.

Msaidizi alikuja akakishika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili, masikio yakiwa kati ya vidole, kabla kipande cha mbele cha kola hakijafunguliwa. Alikishika kama mtu anayebeba bakuli la uji lililojaa. Kola ikafunguliwa mbele tu, nyuma ilibaki. Dada alichuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na shavu la mtoto, akafumba jicho moja, akaweka kidole cha kwanza kwenye meno na cha pili nyuma ya sikio. Alikaa hivyo. Kisha akasimama, akakilaza kichwa cha mashine kidogo kuelekea utosini, digrii tano kwa kipimo kilichochorwa ubavuni mwake, akachuchumaa tena. Akaongeza kidogo. Mashine ile ina uzito wa watu wawili, lakini imening'inia kwenye reli za darini na yeye aliicheza kwa mkono mmoja kama anavyosogezwa ng'ombe mpole. Mtoto alilala vilevile alivyokuja. Chuma ndicho kilichoinama.

Akawasha taa. Kichwani mwa mashine mna taa inayoonyesha mahali mionzi itakapopita: mraba wa mwanga wenye msalaba wa kivuli katikati. Aliupunguza mraba kwa kuzungusha vitasa viwili mpaka ukabaki mdogo kuliko kiganja, msalaba ukiwa katikati ya mdomo. Macho, ambayo hayapendi mionzi, yakabaki gizani. Tezi ya shingo, ambayo kwa mtoto haipendi zaidi, nayo ikabaki gizani. Aliweka kipande cha chuma chenye herufi R upande wa kulia, nje kidogo ya mdomo lakini ndani ya mwanga. Nikadhani sasa anapiga.

Hakupiga. Alianza mazoezi.

"Fungua kinywa. Taya ya chini ndiyo ishuke, kichwa kisiondoke. Haya, funga." Mara ya kwanza mtoto alifungua kwa kurudisha kichwa nyuma, kama tufanyavyo wote, viganja vya msaidizi vikakizuia. Mara ya pili alifungua vizuri lakini ulimi ukajikunja katikati. "Sema aaa, polepole, usiimbe." Ulimi ulilala. Mara ya tatu alisema aaa na kuushikilia mdomo wazi hadi dada alipohesabu tano. Mara ya nne alicheka, tukaanza upya. Nilianza kutazama saa. Nje kulikuwa na foleni, na ninaijua mantiki ya foleni: piga, ikiharibika rudia. Lakini kila marudio ni mionzi mipya kwenye koo la mtoto, na mazoezi hayana mionzi. Dada alilijua hilo bila kulisema. Hakuharakisha zoezi la tano.

Msaidizi alikwenda nyuma ya kioo kichwa kilipotulia kati ya mito miwili ya mchanga. Mvumo ulianza. "Fungua. Aaa." Ukaisha.

Picha moja. Ilikuwa safi. Ncha za meno ya juu na ukingo wa fuvu zilikuwa zimepandana juu kabisa, mstari mmoja, zikifunika ncha tu ya jino la aksisi, na chini yake dirisha lote lilikuwa wazi: jino limesimama katikati, mabega mawili ya atlasi yamekaa kulia na kushoto, kila moja limesimama sawasawa juu ya bega la pingili ya chini. Nilitaka kupiga makofi. Ndipo nikaona mstari. Mstari mweusi mwembamba uliipasua ncha ya jino kutoka juu kushuka chini, katikati barabara, kama ufa wa ukutani. Moyo ulinipiga.

Dada hakushtuka. Aliikuza picha, akaufuata mstari ule kwa kalamu. Ulipanda, ukafika kilele cha jino, na haukuishia hapo. Ulitoka kwenye mfupa, ukaendelea kupanda kati ya meno. Alimgeukia mtoto kupitia kioo. "Cheka, babu." Mtoto akacheka, na kati ya meno mawili ya mbele ukaonekana ule mwanya ambao mama yangu huusifu kwa kila mgeni, akisema ameurithi kutoka kwake.

"Mwanya," alisema. "Ufa wa mfupa hauwezi kutoka nje ya mfupa."

Nimefikiri sana kuhusu sentensi hiyo fupi. Sisi tunaouhesabu mwanya kuwa uzuri hatujui kwamba, ukitazamwa kutoka pale, unaweza kumvunja mtu shingo ambayo haikuvunjika. Na ipo mitego zaidi. Pale ukingo wa upinde wa atlasi unapolikata jino kwa upana, jicho lenyewe huchora mstari mweusi usiokuwepo, udanganyifu uliopewa jina la mwanafizikia Ernst Mach. Daktari alinionyesha mstari huo baadaye kwenye picha yetu: ukisogeza uso unafifia, ukikaza macho unarudi. Mfupa uliovunjika hauna tabia hiyo.

Sasa jino lilikuwa salama na mabega ya atlasi hayakuwa yametanuka nje. Daktari mpasuaji Geoffrey Jefferson alieleza mwaka 1920 jinsi pete ya atlasi inavyopasuka kwa uzito unaotua utosini: inatawanyika, na mabega yake hutokeza nje ya yale ya chini. Ya mtoto hayakutokeza. Lakini kistari cheupe cha nyuma kilikuwa bado hakipo, na kwa kistari hicho daktari alitaka CT. Hakuitaka kwa haraka. CT ya shingo ni mionzi mingi kuliko eksirei, na nilimwona akisita, akaandika, akaongeza maneno: kuanzia chini ya fuvu hadi pingili ya tatu tu. Kabla Hospitali ya Benjamin Mkapa haijafunguliwa mwaka 2015, shingo kama hii mara nyingi ingesafirishwa hadi MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Sisi tulipelekwa chumba cha pili. Vipande vyembamba kuliko milimita moja, sekunde chache, kwisha.

Nilikaribishwa chumba cha kusomea kwa kuwa niliomba. "Ingia, mjomba," alisema mzee yule, "lakini usiguse kiti changu." Alizungusha gurudumu la panya ya kompyuta, na atlasi ikatokea kama inavyoonekana kwa anayeitazama kutoka juu: pete nyeupe, jino likiwa ndani yake kwa mbele, na nyuma, katikati barabara, nafasi. Pete haikuwa imefungwa.

"Imevunjika?" niliuliza.

Hakunijibu. Alikuza ile nafasi mpaka ikajaa kioo kizima, akaniambia nitazame kingo. Kila upande wa nafasi mfupa uliishia kwa duara, umefunikwa gamba jeupe lilelile linalofunika mfupa mwingine wote, kama ncha ya kidole ilivyofunikwa ngozi. Kisha akafungua picha nyingine, ya kufundishia, isiyo na jina, ya mtu aliyegongwa na gari. Pale mfupa uliishia ghafla, kwa kona, na gamba lilikoma mahali ulipokatika. Ndani yake ulionekana sponji. Ncha za pande mbili zilikuwa zinafanana, ukizisogeza zinakaa pamoja.

Nikaziona kokoto za Miyuji. Jiwe lililopasuliwa leo kwa nyundo lina uso mkali, na ukimtafuta pacha wake kwenye lundo unaweza kuyarudisha yakakaa pamoja. Jiwe ambalo mvua imelilamba miaka na miaka lina mviringo, na halikuwahi kuwa na pacha. Nikamwambia. Akavua miwani akanitazama mara ya kwanza. "Ndiyo hivyo," alisema. "Hili halikuvunjika. Halikuungana."

Atlasi ya mtoto huanza ikiwa gegedu, na mfupa huota humo kuanzia sehemu tatu: moja mbele, mbili ubavuni. Zile mbili hukutana nyuma mtoto anapofika miaka mitatu au minne. Mbele pete hufungwa karibu na miaka saba. Wapo ambao zile za nyuma hazikutani. Uchunguzi wa zamani wa maiti ulikuta upungufu wa upinde wa nyuma kwa takriban watu 4 katika kila 100, na kwa wengi wao ndio huu mdogo wa katikati, ambao utando mgumu huuziba na mwenyewe hajui mpaka aanguke kutoka mzambarauni.

Si kila mwanya una upole huo. Jino la aksisi linaweza kuwa kipande kilichoachana na shina lake, chenye mviringo na gamba pande zote, kikielea na kuiacha atlasi iteleze juu ya ugwe. Na wataalamu wamebishana miaka mingi kama kipande hicho huzaliwa hivyo au ni jeraha la utotoni lililosahaulika. Kuna atlasi zilizogandamana na fuvu. Kuna pingili za shingo zilizounganika zenyewe kwa zenyewe, kama za yule fundi cherehani Mfaransa ambaye Maurice Klippel na André Feil walimwandika mwaka 1912, mwenye shingo fupi isiyogeuka. Na kuna watoto wenye hali ya Down, ambao kano zao ni laini, hivi kwamba kati ya 10 na 20 katika kila 100 wana ulegevu kati ya pingili hizo mbili unaoonekana kwenye picha ingawa wengi wao hawasikii kitu. Miyuji ndiko kilipo kituo cha Cheshire kinacholea watoto wenye ulemavu. Huwa napita pale. Sasa nikipita nawatazama walezi wanavyowanyanyua watoto, kiganja kikitangulia kisogoni.

Mama alikuwa ukumbini. Daktari alitoka mwenyewe akaketi naye kwenye benchi, akamweleza kwa mkono: akaunda pete kwa kidole gumba na cha shahada, akaacha vidole visigusane. Maumivu ni ya misuli iliyovutika. Kola siku chache, kisha arudi aonekane. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali lake.

"Atabeba ndoo?"

Lilikuwa swali zito kuliko nilivyodhani. Maji yakikatika kwetu, ndoo ya lita 20 hupanda kichwani. Mama amezibeba tangu utotoni na shingo yake imesimama kama mlingoti. Mwaka 1986 watafiti walichapisha vipimo vyao kutoka Kenya: wanawake wa Kijaluo waliobeba mzigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba kwa ukanda wa kipaji cha uso, wote waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Ndoo iliyojaa kwa mtoto wa miaka 10 ni zaidi ya nusu ya uzito wake.

"Akikua, bibi," daktari alijibu. "Kwa sasa abebe kopo. Na mikono ikianza kufa ganzi, au miguu ikikosa nguvu, msisubiri Jumatano."

Nilirudi chumba cha eksirei kuaga. Dada alikuwa ameshaifuta meza kwa dawa, ameirudisha mashine kwenye sentimita 100, digrii sifuri. Mezani alikuwa ameketi msichana aliyetoka Kondoa usiku, shingo inauma, kichwa kimesukwa upya rasta ndefu zenye shanga, nzuri, za kazi ya siku nzima. Shanga na nyuzi hutokea kwenye picha kama mawe na nyufa. Foleni nje ilikuwa imefika mlango wa pili.

"Nani kakusuka?" alimuuliza.

"Dada yangu."

"Ana mkono. Leta kichwa." Akavuta kiti, akaketi nyuma yake, akavua glavu, akaanza kuzifumua za kisogoni moja moja, akizipanga shanga kwenye kisahani cha chuma kwa rangi zake.